Shajara ya mradi: kuwafundisha wahandisi kuchora mpaka wa mfumo

Kabla ya muhula

Kwa miaka kadhaa idara yetu imefundisha uendelevu kwa mihadhara miwili inayowekwa mwishoni mwa mwaka wa nne, wakati wanafunzi wamekwisha kuchoka na michoro yao imekwisha kukamilika. Wanatoka humo wakiwa wamekariri fasili ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1987, kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kutimiza mahitaji yao, na katika ripoti zao za usanifu wanaiandika fasili hiyo karibu neno kwa neno, katika aya moja inayokaa baada ya gharama na kabla ya hitimisho. Nimesahihisha aya nyingi za namna hiyo. Sikumbuki hata moja iliyobadilisha kipenyo cha bomba.

Sasa tumepewa moduli ya wiki 15, saa 3 kila wiki, kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaosomea uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Tunafundisha watu watatu: mwenzetu wa haidroli, mwenzetu wa mitambo, na mimi ninayeandika shajara hii. Kabla ya kuanza tumekubaliana kwamba hatutaongeza mada mpya za mazingira juu ya mtaala ambao tayari umejaa. Tunachotaka ni kwamba mwanafunzi, kabla hajakokotoa chochote, aweze kuchora mpaka wa mfumo anaoushughulikia, yaani aamue kipi kinahesabiwa ndani ya tatizo na kipi kinaachwa nje, na aeleze kwa nini ameuchora pale na si kwingine. Kisa kitakachotumika muhula mzima ni kimoja: kisima kirefu cha umwagiliaji chenye pampu ya dizeli inayotakiwa kubadilishwa.

Wiki ya 1

Tulianza kwa jaribio la beseni la kuogea, ambalo Linda Booth Sweeney na John Sterman walilichapisha mwaka 2000 baada ya kuwajaribu wanafunzi wa shahada za juu wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Mwanafunzi anapewa grafu ya maji yanayoingia na grafu ya maji yanayotoka, kisha anaombwa achore kiasi cha maji kilichomo kadiri muda unavyopita. Hakuna hesabu inayozidi kujumlisha na kutoa. Wanafunzi wa MIT walikosea kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa, na wetu wakakosea vilevile: wengi walichora kiasi cha maji kikipanda na kushuka pamoja na maji yanayoingia, kana kwamba beseni halina kumbukumbu ya jana.

Kilichonishughulisha zaidi ni kilichofuata. Nilipoandika tatizo lilelile ubaoni kwa alama ya integrali, darasa zima lililitatua kwa dakika chache. Kwa hiyo maarifa wanayo, ila yamefungiwa katika somo la hisabati na hayatoki humo bila kuitwa kwa jina. Tulihamia moja kwa moja kwenye angahewa, ambayo nayo ni beseni. Shughuli za binadamu huingiza takriban tani bilioni 40 za hewa ukaa kwa mwaka, na bahari pamoja na uoto huondoa karibu nusu yake. Niliuliza: utoaji huo ukiacha kuongezeka leo na kubaki pale ulipo, kiwango cha hewa ukaa angani kitafanya nini? Wengi walijibu kwamba kitatulia. Kijana mmoja wa uhandisi wa ujenzi alinyamaza kwa muda, akachora beseni pembeni mwa daftari lake, kisha akasema, "Mwalimu, bomba likiacha kufunguliwa zaidi haina maana kwamba limefungwa." Nimeinakili sentensi hiyo hapa kwa sababu nina hakika nitaitumia tena.

Wiki ya 2

Wiki hii ilikwenda karibu yote katika msamiati, na sijutii. Nilikuwa nimezoea kuita kile kinachojaa ndani ya beseni "akiba", lakini neno hilo linabeba maana ya kitu chema kilichowekwa kwa kusudi. Madini ya risasi yanayojikusanya katika mifupa ya mtu si akiba, wala deni si akiba. Tumehamia kwenye "limbikizo", ambalo halina upande. Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tuliposema "mrejesho chanya", nusu ya darasa ilielewa habari njema, na tuliposema "mrejesho hasi" ilielewa malalamiko. Kuanzia sasa tunasema mrejesho wa kukuza, kwa mzunguko ambao badiliko lake hujiongezea lenyewe, na mrejesho wa kusawazisha, kwa ule unaolivuta badiliko lirudi. Wanafunzi wa umeme walinung'unika kidogo, kwani katika vikuza mawimbi wamezoea maneno yale ya zamani na kwao mrejesho hasi ndio unaoleta utulivu. Hoja yao ni ya haki. Tumewaachia watumie yote mawili mradi waeleze wanachomaanisha.

Wiki ya 3

Tulicheza ule mchezo wa kusambaza bia ulioanzia MIT katika kundi la Jay Forrester, mwanzilishi wa taaluma ya mienendo ya mifumo. Wachezaji wanne wanapangwa katika mnyororo, muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda, na kila mmoja anaona maagizo ya jirani yake peke yake. Maagizo na mizigo huchukua majuma kadhaa kufika. Mteja wa mwisho hubadili mahitaji yake mara moja tu katika mchezo mzima, kutoka kreti 4 kwa juma hadi kreti 8, kisha hatikisiki tena. Hata hivyo kufikia katikati ya mchezo kiwanda chetu kilikuwa kimekaukiwa kabisa, na muda si mrefu baadaye kikafurikiwa na kreti zisizo na mnunuzi.

Kabla ya kufunua kadi za mteja niliwaomba wachezaji wa kiwanda wachore namna wanavyodhani mahitaji ya mteja yalikwenda. Wote walichora mawimbi makubwa. Walipoona mstari ulionyooka wenye ngazi moja tu, palikuwa na kimya, halafu kila mmoja akamtazama jirani yake. Mwenzetu wa mitambo alisema baadaye kwamba saa ile moja ilifanya kazi ya mihadhara mitatu juu ya ucheleweshaji, na mimi nakubaliana naye, ingawa nahofia kwamba baadhi yao waliondoka na funzo la usimamizi wa maghala badala ya funzo la mifumo.

Wiki ya 4 na ya 5

Sasa tumefika kisimani. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kawaida: chagua pampu ya kupandisha maji mita 40. Makundi yote yalikimbilia katalogi za pampu na kutafuta yenye ufanisi mkubwa zaidi, na hakuna lililogusa bomba, kwa sababu bomba lilitajwa katika swali kama kitu kilichokwisha kuwekwa. Mwenzetu wa haidroli ndiye aliyewageuza. Kwa mtiririko ulio sawa, na tukichukulia kwamba kigezo cha msuguano hakibadiliki sana, upotevu unaotokana na msuguano hupungua kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Ukibadili bomba la milimita 100 ukaweka la milimita 125, upotevu huo unashuka hadi takriban theluthi moja, na pampu inayohitajika inakuwa ndogo, na mota yake ndogo, na chanzo chake cha nishati kidogo. Uamuzi mmoja wa bei nafuu mwishoni mwa mnyororo unarudi nyuma ukipunguza kila kitu kilichotangulia.

Tuliwauliza kwa nini hawakuligusa bomba. Jibu la uaminifu zaidi lilikuwa hili: "Hatukuulizwa." Hapo ndipo nilipoona kwamba kosa si lao peke yao. Maswali yetu ya mitihani, yangu yakiwemo, yamekuwa yakiwachorea mpaka kwa miaka mitatu mfululizo bila hata kuwaambia kwamba mpaka umechorwa, kisha tunashangaa wanapofika mwaka wa nne wasijue kwamba ni jukumu lao kuuchora.

Wiki ya 6 na ya 7

Tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani kupima athari za kitu tangu malighafi yake hadi kinapotupwa, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, ina hatua nne: kuweka lengo na upeo, kuorodhesha vinavyoingia na vinavyotoka, kutathmini athari, na kufasiri matokeo. Hatua tatu za mwisho wanafunzi walizipenda kwa kuwa zina majedwali. Ile ya kwanza waliiruka. Makundi mengi yalilinganisha pampu moja ya dizeli na pampu moja ya umeme wa jua, jambo lisilo na maana, kwa sababu mashine hizo hazifanyi kazi sawa kwa saa sawa. Tuliwarudishia kazi na kuwaomba kizio cha kazi: mita moja ya ujazo ya maji iliyopandishwa mita 40. Kazi hiyo kwa nadharia huhitaji takriban kilowati-saa 0.11, na kwa mtambo ambao ufanisi wake wote kwa pamoja ni nusu, takriban 0.22. Baada ya hapo majedwali yao yakaanza kusema jambo, na karibu makundi yote yakahitimisha kwamba pampu ya jua ni bora kwa mbali. Tuliwaacha wafurahi kwa juma moja.

Wiki ya 8

Hii ndiyo wiki ambayo moduli nzima inaiegemea.

Tuliwaomba wachore upya mpaka uleule, safari hii ukijumuisha maji yaliyo chini ya ardhi. Jambo la kwanza lililojitokeza lilikuwa la breki. Pampu ya dizeli ina breki yake ya asili, nayo ni gharama ya mafuta: kila saa ya ziada ya kuvuta maji inamgharimu mkulima, kwa hiyo huzima. Pampu ya jua, ikishalipiwa, haidai chochote kwa saa ya ziada, na maadamu jua linawaka hakuna sababu ya kuizima. Tulikuwa tumeondoa moshi na, bila kukusudia, tukaondoa mrejesho wa kusawazisha uliokuwa ukilinda limbikizo la maji. Upo mwingine, kwani usawa wa maji ukishuka kimo cha kupandisha huongezeka na pampu hutoa kidogo, lakini huo ni wa polepole, na huja wakati visima vifupi vya majirani vimekwisha kukauka. Mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alikwisha kuligusa jambo la aina hii mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: injini zilizotumia makaa kwa uangalifu zaidi zilipanua matumizi ya makaa badala ya kuyapunguza.

Kundi moja lilidhani limepata jibu: umwagiliaji wa matone, ambao haupotezi maji. Tukafanya hesabu pamoja ubaoni kwa namba za kubuni. Tuseme mkulima anavuta vizio 100 vya maji na kuyamwaga kwa mifereji, ambapo mimea inatumia 60 na 40 yanapenya ardhini na kurudi kwenye limbikizo. Kinachopotea kabisa chini ya ardhi ni 60. Sasa anaweka mfumo wa matone ambao mimea inatumia asilimia 90 ya maji yanayovutwa. Kama angebaki na shamba lilelile angehitaji kuvuta takriban vizio 67 tu, na limbikizo lingepoteza 60 zilezile, yaani hakuna lililookolewa chini ya ardhi ingawa umeme umepungua. Lakini mkulima mwenye akili hatabaki na shamba lilelile, kwa kuwa anayo pampu isiyomgharimu na vizio 33 vinavyoonekana kuwa vya bure. Ataongeza eneo, atavuta 100 kama zamani, mimea itatumia 90, na 10 tu ndizo zitakazorudi. Ufanisi umepanda, mavuno yamepanda, na upotevu wa limbikizo umetoka 60 ukafika 90.

Darasa lilikaa na namba hizo kwa muda mrefu. Baadhi walikasirika, na sikuona vibaya. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, mwaka uliotangulia, kwamba ufanisi ni jambo jema lisilohitaji maelezo. Binti mmoja wa mitambo aliuliza kama basi tunawaambia wakulima warudi kwenye dizeli na mifereji. Hapana. Tulimwambia kwamba teknolojia ile ile inaweza kuwa na matokeo mengine kabisa ikiambatana na kikomo cha maji yanayovutwa, na kwamba kikomo hicho nacho ni sehemu ya usanifu kama valvu ilivyo. Alijibu kwamba hakuna somo lililowahi kumfundisha kusanifu kikomo. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kuandika hoja hiyo hapa.

Wiki ya 9

Visa viwili vya historia. Cha kwanza kwa ufupi: mwishoni mwa miaka ya 1920 Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi ya majokofu isiyo na sumu na isiyowaka, ili kuchukua nafasi ya amonia na dayoksaidi ya salfa, wakapata klorofluorokaboni. Kwa vigezo vilivyowekwa mezani gesi hiyo ilikuwa karibu kamilifu. Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha mwaka 1974 kwamba uthabiti uleule uliofanya iwe salama jikoni ndio unaoiwezesha kudumu hadi ifike juu angani na kuharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka 1987.

Cha pili kilichukua saa nzima. Nchini Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya bomba vilienezwa kwa mamilioni ili watu waache maji ya madimbwi yaliyoleta magonjwa ya kuhara. Lengo lilikuwa la kweli na maji yale hayakuwa na vijidudu. Hayakupimwa arseniki, madini yenye sumu yaliyomo kiasili katika mashapo ya pale, na tatizo lilithibitishwa mwaka 1993 baada ya watu wengi kuyanywa kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 10 kwa lita. Visima vingi vilikuwa na mara kadhaa ya hiyo. Wanafunzi walitaka kujua ni nani alaumiwe. Nikawarudisha kwenye mpaka: orodha ya vipimo nayo ni mpaka, na aliyeiandika alikuwa akiufikiria ugonjwa mmoja. Mmoja wao akauliza ni kipimo gani ambacho sisi katika kisima chetu hatujakiorodhesha. Tuligundua kwamba hatukuwa tumeomba kipimo chochote cha ubora wa maji kwa majuma nane. Hilo nalisajili kama kosa letu walimu.

Wiki ya 10 na ya 11

Mambo yalirudi nyuma. Baada ya kujifunza kwamba kila kitu kinagusana na kingine, makundi yalileta michoro ya visababishi yenye mishale isiyohesabika, kila kitu kikiwa kimeunganishwa na kila kitu, na hakuna aliyeweza kusema mchoro wake unatabiri nini. Mwenzetu wa haidroli, ambaye tangu mwanzo amekuwa na shaka na mradi huu, alisema kwa upole kwamba tumebadilisha wahandisi wasioona mbali kuwa wahandisi wasioona kitu. Maneno yalinichoma, lakini alikuwa sahihi.

Tumeweka masharti mawili. Kila mshale lazima utetewe kwa sentensi moja inayosema ni nini kinachobadili nini na baada ya muda gani, na kila limbikizo lazima liwe na kizio chake cha kipimo. Kisichopimika hakifutwi, bali kinaandikwa nje ya mpaka, katika orodha yenye kichwa "Tumeacha, na sababu". Michoro ilipungua hadi robo ya ukubwa wake. Orodha ya yaliyoachwa ndiyo imekuwa sehemu ninayoisoma kwanza.

Wiki ya 13

Kundi moja limewasilisha pendekezo la kutoweka pampu mpya kwa sasa. Walionyesha kwamba kwa kubadili bomba na kurekebisha ratiba ya umwagiliaji pampu ya zamani ingetosha kwa misimu michache, na kwamba muda huo utumike kupima usawa wa maji kisimani kila mwezi, kwa sababu bila takwimu hizo hakuna anayeweza kusema ni pampu ya ukubwa gani isiyomaliza limbikizo. Ilikuwa kazi safi. Kwa mwongozo wetu wa kusahihisha, hata hivyo, alama 40 kati ya 100 zilikuwa za michoro ya mtambo mpya, na wao hawakuwa na mtambo.

Walimu tulibishana kwa karibu saa mbili. Mwenzetu wa mitambo alihofia kwamba mwaka ujao kila kundi litapendekeza kutofanya kitu, kwa kuwa kutofanya kitu ni rahisi. Mimi nilisema kwamba pendekezo lao limekokotolewa kuliko mengine yote. Mwishowe zile alama 40 tumezihamishia kwenye ubora wa utetezi wa uamuzi, uwe wa kujenga au wa kungoja, na sharti ni kwamba anayependekeza kungoja aseme atapima nini, kwa muda gani, na ni namba ipi itakayomfanya abadili mawazo. Tumewapa alama zao. Tulipaswa kuwa na mwongozo huo tangu wiki ya kwanza.

Wiki ya 15

Tumerudia jaribio la beseni kwa grafu tofauti. Wengi sasa wanachora limbikizo ipasavyo, ingawa wapo wachache waliokosea vilevile kama mwanzo, na sina hakika kama waliofaulu wangefaulu iwapo tatizo lingevaa sura nyingine, kwa mfano deni au idadi ya vitanda vilivyojaa. Muhula ujao jaribio la mwisho litatumia kisa ambacho hakina maji kabisa.

Jana jioni mwenzetu wa haidroli amenijia na karatasi za mazoezi yake ya mwaka wa pili. Ameomba tukae pamoja kabla ya muhula kuanza, tufute maneno "bomba lililopo lina kipenyo cha" katika baadhi ya maswali na mahali pake tuweke nafasi tupu ambayo mwanafunzi ataijaza na kuitetea. Tumekubaliana tuanze na zoezi la 3, kwa sababu lile la 1 na la 2 yeye bado anaona ni sawa yalivyo.